Kilicho Nyuma ya Kichwa cha Mwalimu

Toa noti ya shilingi 1,000 mfukoni, kama mwezi bado unaruhusu, uitazame kana kwamba hujawahi kununulia kitu. Mwalimu Julius Nyerere yupo pale, uso na mabega. Nyuma ya kichwa chake hakuna mtu wala mahali, ni mistari na mapambo ya kuwasumbua watengeneza noti bandia. Kwenye noti tunazotumia sasa ndiye binadamu pekee. Wenzake katika pochi ni simba, kifaru na tembo. Mzee Karume alikaa kwenye noti ya 500 kwa muda, kisha akahamishiwa kwenye sarafu.

Nimekuwa nikitazama nyuma ya kichwa hicho kwa karibu miaka miwili. Nasoma shahada ya uzamili na mada yangu ni namna wachoraji wa Afrika Mashariki na Kongo wanavyowachora viongozi waliopigania uhuru. Rafiki zangu wananitania kwamba ningeweza kuimaliza tasnifu kwa kuzunguka ofisi za kata, maana picha zote ziko ukutani. Utani wao una ukweli. Nimeona Mwalimu wa rangi za mafuta, wa rangi za maji, wa penseli, wa vipande vya majani makavu ya mgomba vilivyobandikwa kwenye kitambaa cheusi, wa dawa ya viatu (naapa), na Mwalimu wa kanga. Mitindo ni mingi mno. Dai langu ni kwamba mawazo ni machache, na uchache huo unaonekana hasa pale nyuma, ambako mchoraji hakuona haja ya kuweka kitu.

Sababu ya kwanza ni kamera. Karibu kila Mwalimu wa kuchorwa ana mzazi wake wa fotografia, na wazazi hao hawafiki kumi. Kuna ile ya mwaka 1961 akiwa amebebwa mabegani na watu, ameshika bango la kudai uhuru kamili. Kuna ile ya Aprili 1964 akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar. Kuna ile ya fimbo. Kuna ile ya kuaga, akipunga mkono. Na kuna ya ofisini, mama wa zote, ambayo hata baada ya marais watano kuja baada yake bado inatundikwa kando ya picha ya rais aliyepo. Mchoraji huipigia fotografia mistari ya viboksi, akapiga viboksi vikubwa zaidi kwenye turubai au ukuta, halafu akahamisha boksi moja baada ya jingine. Ni ufundi halali, na nimekaa na vijana wanaoufanya kwa mikono mizuri sana. Lakini boksi halimuulizi mchoraji swali. Fotografia imeshaamua Mwalimu anatazama wapi, nani yuko karibu naye na nani amekatwa pembeni.

Mfano ni meno. Mwalimu alikuwa Mzanaki, na ujanani alichongwa meno ya mbele ya juu kwa desturi ya kwao. Ukitazama fotografia alizopigwa akicheka, na alikuwa mtu wa kucheka, utaona. Sasa tafuta meno hayo kwenye picha za kuchorwa. Katika nilizoziona mimi, ama mdomo umefungwa, ama amepewa meno ya tangazo la dawa ya mswaki. Sidhani kama kuna mchoraji aliyekaa akakusudia kuficha kitu. Mkono wenyewe unajua picha ya mtu mkubwa hutakiwa iweje, unanyoosha. Ndivyo kijana wa Butiama, mtoto wa Chifu Burito, anavyopotea kidogo kidogo na kubaki Baba wa Taifa.

Tingatinga ingeweza kutuokoa hapa. Edward Said Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za enameli juu ya vipande vya mbao za dari na kuuawa kwa risasi za polisi mwaka 1972, alituachia mtindo usioijali fotografia hata kidogo. Chui wake hafanani na chui yeyote na bado unamwogopa. Hebu fikiria Mwalimu wa namna hiyo, mwenye macho makubwa, fimbo ndefu kuliko mti, ndege watatu juu yake. Lakini nilipomuuliza mchoraji mmoja pale Morogoro Stores, Oysterbay, kwa nini Mwalimu hachorwi kwa namna hiyo, alinijibu kistaarabu kabisa: "Dada, mgeni ananunua twiga. Mwalimu ukimchora hivyo, Mswahili atasema unamdhihaki." Majirani zetu wamekwepa tatizo kwa sheria. Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza sura ya mtu kwenye fedha. Noti mpya za 2019 zikatoka na jengo la KICC, na mbele ya jengo, mdogo kama punje, Mzee Kenyatta wa sanamu. Watu wakapelekana mahakamani.

Kilichonibadilisha macho ni picha za mtu mwingine kabisa. Kwa kizazi changu Lumumba ni mtaa. Ni mtaa wa Dar es Salaam wenye ofisi ndogo ya CCM, kiasi kwamba mtu akisema "Lumumba wameshaamua," hamaanishi marehemu. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na ushee nilipotazama kwa makini Patrice Lumumba mwenyewe akiwa amechorwa, na aliyemchora alikuwa Tshibumba Kanda Matulu.

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, leo Lubumbashi. Hakuwa na chuo cha sanaa. Alichora kwenye vitambaa vya magunia ya unga na kutembeza kazi zake nyumba kwa nyumba. Mwaka 1973 na 1974, kwa makubaliano na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, alichora historia nzima ya nchi yake, picha 101, na wawili hao wakakaa kuzungumza juu ya picha hizo huku kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Walizungumza Kiswahili. Mazungumzo hayo yamo katika kitabu cha Fabian, Remembering the Present, cha mwaka 1996, na kwa Mtanzania ni raha na taabu kuyasoma. Ni Kiswahili cha Lubumbashi, kina Kifaransa ndani yake, kina ngeli ambazo mwalimu wangu wa sekondari angezipiga wino mwekundu, na bado kinasema mambo makubwa bila kutafuta maneno. Tshibumba alijiita mwanahistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alitoweka.

Watu wa Lubumbashi walikuwa na neno kwa picha za aina hiyo, zilizotundikwa sebuleni kwa wafanyakazi wa migodi na makarani. Waliziita ukumbusho. Nililipenda neno hili kabla sijalielewa. Kwetu ukumbusho ni kitu cha kumpelekea mtu aliyebaki nyumbani, twiga wa mbao, au jiwe la msingi lenye jina la mgeni rasmi. Kwao ukumbusho ilikuwa picha inayokufanya ukumbuke hadi uanze kubishana. Mgeni akiingia, anaona Mkongo anachapwa viboko chini ya bendera ya Ubelgiji, anakaa, soda inafunguliwa, na mazungumzo yanaanza yenyewe. Picha ilikuwa na kazi ndani ya nyumba kama redio.

Sasa mtazame Lumumba wa Tshibumba. Kuna anayehutubia tarehe 30 Juni 1960, Mfalme Baudouin akiwepo, na unaona nani anasikiliza na nani hataki kusikiliza. Kuna aliyefungwa kamba kati ya askari. Na kuna aliyekufa, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, usiku wa 17 Januari 1961 huko Katanga. Katika picha hiyo miili mitatu imelala chini, na mbali, nyuma kabisa, kuna misalaba mitatu. Damu inayotoka ubavuni mwa Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Tshibumba alimweleza Fabian waziwazi kwamba kwake Lumumba alikuwa kama Bwana Yesu wa nchi yao.

Unaweza kusema huo ni utiaji chumvi, na mimi nilisema hivyo mara ya kwanza. Damu inayoandika ilinikera. Ninapenda picha ziniachie nafasi. Lakini kadiri nilivyorudi kuitazama ndivyo nilivyoiona akili iliyotumika. Hakuna fotografia ya kifo kile inayojulikana. Waliomuua walihakikisha hata mwili haubaki. Waliuyeyusha kwa tindikali, na kilichorudishwa kwa familia yake mjini Brussels mwezi Juni 2022 ni jino. Tshibumba alikuwa mvulana wa miaka kumi na mitatu hivi siku ile. Hakuwa na kitu cha kupigia viboksi. Ilimbidi aamue mwenyewe miili inalala vipi, nani asimame karibu, anga iwe na rangi gani, na nyuma kuwe na nini. Akaweka misalaba. Ukikubaliana naye au usikubaliane, una mtu wa kubishana naye. Kwenye picha zetu za Mwalimu simpati mtu huyo. Napata mkono hodari na fotografia.

Isifikiriwe kwamba uso mtupu hauwezi kusema kitu. Mbelgiji Luc Tuymans alimchora Lumumba mwaka 2000, uso tu, wenye miwani, kwa rangi zilizopauka kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Mwaka uliofuata kazi zake za mfululizo huo zilioneshwa Venice, katika banda la Ubelgiji. Fikiria mahali hapo. Nchi iliyohusika na kifo cha mtu inaalika dunia kwenye banda lake, na ukutani yupo yeye, anafifia. Hapo ukuta wenyewe ndio usuli. Picha ileile ikitundikwa ofisi ya mtendaji wa kijiji ingekuwa picha iliyopigwa jua. Naye Marlene Dumas, mzaliwa wa Afrika Kusini, mwaka 2013 alimwacha Lumumba kabisa akamchora mjane wake, Pauline, akitembea kifua wazi katika maombolezo kati ya wanaume. Mara nyingi nimejiuliza kwa nini hakuna aliyewahi kunionesha Mama Maria Nyerere aliyechorwa akiwa na shughuli zake, badala ya kuwa kando ya mumewe.

Pingamizi lipo, na ni zito. Msimamizi wangu amelisema, baba yangu amelisema, na dereva wa bodaboda aliyenisikia nikiongea kwenye simu naye alilisema. Lumumba alikuwa waziri mkuu kwa chini ya miezi mitatu, akauawa akiwa na miaka 35. Hakupata muda wa kukosea sana. Mchoraji anamkuta safi, ana mwanzo na mwisho, ana Goligotha yake. Mwalimu aliongoza nchi kuanzia uhuru hadi 1985, akang'atuka kwa hiari, akaishi miaka mingine kumi na minne na kufia hospitalini London tarehe 14 Oktoba 1999. Utachora nini katika maisha marefu hivyo? Ni rahisi kumchora aliyeuawa kuliko aliyetawala.

Nakubali kwamba ni rahisi zaidi. Sikubali kwamba haiwezekani, na nina hofu na njia tunayoelekea. Kanisa Katoliki, kupitia Jimbo la Musoma, lilianzisha mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenyeheri, naye sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Sina ugomvi na hilo. Mimi mwenyewe ni Mkatoliki na nimesali sala ile. Lakini najua kadi za watakatifu zinavyochorwa. Uso ule wa ofisini utaongezewa mwanga kuzunguka kichwa, na nafasi tupu ya nyuma itajaa dhahabu. Misalaba ya Tshibumba ilikuwa mbali, ikimshtaki mtu. Dhahabu haimshtaki yeyote.

Waliolijua jambo hili mapema, nadhani, ni wale ambao hawakumchora Mwalimu kabisa. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyesoma Makerere na Slade ya London kabla ya kuwa balozi wetu Uingereza mara baada ya uhuru, alichora watu wakifanya kazi pamoja: wanalima, wanabeba ndizi, wanapeleka pombe kwa bibi arusi usiku. Watu wake ni wadogo, wengi, hawana sura za kutambulika, na mlima umewaegemea. Kuna waliomcheka kwamba anachora kama mtoto. Mimi namwona kama mtu aliyechora nchi bila kumtafuta wa kumweka katikati. Wachongaji wa Kimakonde nao walitoa nguzo zile tunazoziita ujamaa, watu wamepandana juu ya watu, kila mmoja akimshikilia mwenzake. Sera ya Mwalimu ikapata umbo lake bora bila uso wake. Na bado nguzo nyingi zina mtu mmoja kileleni, na ukiitazama kuanzia chini unajiuliza uzito wake wanaubeba wangapi. Mti ule mmoja unauliza maswali kuliko nusu ya turubai nilizoziandikia sura ya pili ya tasnifu.

Haya yote ningeyaandika kama mtu wa mjini anayehesabu mitindo, isipokuwa mimi ni mtu wa Gendabi. Wengi wenu mlisikia jina hilo Desemba 2023, matope yaliposhuka kutoka Mlima Hanang. Kabla ya hapo nilizoea kusema "karibu na Katesh" na bado mtu akauliza Katesh ni wapi. Likizo iliyopita nilikuta duka moja la kwetu limechorwa Mwalimu kwenye ukuta wa mbele, mkubwa kuliko mlango. Mchoraji alikuwa kijana anayeandika mabango ya saluni na namba za mawakala wa fedha. Bando lilikuwa limemwishia, akaamua kutumia noti. Alimtoa Mwalimu kwenye noti ya 1,000 akamkuza hadi ukutani, na shingo ikamponyoka kidogo, ila macho aliyapata.

Mwenye duka alikuwa amemwambia aweke mlima nyuma. Akaweka Kilimanjaro. Theluji nyeupe kabisa, hadi na tembo chini yake. Ukisimama kuitazama picha hiyo na ukageuka, Hanang iko pale, zaidi ya mita 3,400 za mlima halisi, bila theluji.

"Kaka," nikamuuliza, "mbona si huu wetu?"

Akacheka. "Mwalimu anakaa na Kilimanjaro, dada. Ukiweka huu watu watajua ni wa hapa."

Mzee mmoja wa Kibarabaig alikuwa kwenye benchi anakunywa chai, shuka begani. Alitusikiliza muda, halafu akaniambia, "Binti yangu, kama ni wa hapa, nyuma yake aweke ngano." Hakueleza. Akamalizia chai yake.

Mtu wa Hanang haelezwi. Kwa wengine nitaeleza. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, na kwa msaada mkubwa wa Kanada, serikali ilianzisha mashamba ya ngano kwenye nyanda za Basotu chini ya shirika la umma, NAFCO. Mashamba yalifika saba, kila moja takribani ekari 10,000: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret, Gidagamowd. Nchi ilihitaji mkate, na nyanda zile zilionekana tupu kwa mtu aliyezitazama kutoka kwenye gari. Hazikuwa tupu. Zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, ambao huhama na ng'ombe kufuata majira, na ndani yake mlikuwa na vilima vya makaburi ya wazee wao, ambayo kwao ni mahali pa kurudi na kusali. Matrekta yalilima mpaka huko. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Arusha iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua, na moja ya hoja ilikuwa kwamba baadhi ya walalamikaji hawakuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya sheria. Wabarabaig, Hanang.

Sisemi kwamba Mwalimu alishika usukani wa trekta. Na mimi ni Mwiraqw. Watu wangu walikuwa wakisogea kusini na majembe yao tangu zamani, na si malisho yote yaliyopotea yalipotelea kwenye ngano ya serikali. Lakini serikali ile ilikuwa yake, ikiongea kwa lugha yake ya maendeleo, na nchi nzima ilikula ngano ile.

Na kuna bibi yangu. Bibi alijifunza kusoma akiwa mama wa watoto wanne, chini ya mti, katika madarasa ya watu wazima yaliyopamba moto baada ya Mwalimu kuutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kitabu cha kwanza alichokisoma mwenyewe kilihusu kilimo cha pamba, zao ambalo kwetu halioti, na alikisoma mara nyingi vilevile. Ana kanga ya msiba wa 1999 yenye uso wa Mwalimu katikati. Haivai. Ukimwambia bibi habari za ngano anasema anajua, anawajua hata waliohamishwa, na kanga anaikunja upya. Hajawahi kuniambia kwamba mojawapo inafuta nyingine. Ninayeona taabu kuviweka pamoja ni mimi, niliyesoma.

Kwa hiyo swali langu kwa wachoraji si kwa nini wanampenda. Nataka kujua kwa nini upendo huo unadai nyuma pawe patupu. Fotografia ya kuchanganya udongo, ukiitazama vizuri, ina watu wengine ndani yake, walioshika vyombo. Niliwahi kukuta turubai moja kwenye maonyesho ya sanaa Dar es Salaam ambamo wote wameondolewa, amebaki Mwalimu na chombo, na nyuma bendera ya Muungano, ambayo siku ile ilikuwa bado haijatengenezwa. Mchoraji alipata sifa kwa namna alivyoipata mikunjo ya mikono, na kweli aliipata. Ila alikuwa na watu wa kuwachora, akawafuta, na hakuna aliyemuuliza walikwenda wapi.

Mnunuzi atatoka wapi? Mchoraji mmoja aliniuliza hivyo kwa hasira kidogo, na ana haki. Picha ya Mwalimu inanunuliwa na taasisi, kwa ukumbi, na ukumbi hautaki ubishi. Tshibumba naye aliuza kwa tabu, kwa wageni na kwa majirani. Tofauti ni kwamba picha za Lubumbashi ziliingia sebuleni. Zetu zinaishia mapokezi.

Kama ningekuwa na mkono, na sina, ningechora chumba cha mahakama, Arusha, 1984. Ningekitazama kutoka nyuma. Mbele yangu migongo ya watu wa Mulbadaw kwenye mabenchi. Mashuka, vichwa, fimbo zilizoegemezwa, mtoto mmoja amegeuka ananitazama. Kesi ilikuwa na baraza la kijiji na watu 67, nami ningejitahidi kuwatosheleza wote hata kama wengine watabaki mlangoni. Mbele kabisa jaji, mdogo. Juu ya jaji, kwenye fremu, palepale mahakama zetu zinapoiweka, picha ya Rais: uso ule ule wa ofisini, mdomo umefungwa, nyuma ya kichwa hakuna kitu. Ningeinakili kwa viboksi. Kisha ningechukua turubai la pili, kipimo kilekile, Mahakama ya Rufani, 1985, watu wamepungua, fremu ipo. Novemba mwaka huo Mwalimu aling'atuka, na kwenye misumari ile ikaanza kutundikwa picha ya Mzee Mwinyi.